Je, bodi ya wakurugenzi inahusika na usalama wa wafanyakazi kiwandani?

MjumbeMpya: Ndugu wanajukwaa, nimeteuliwa hivi karibuni kuwa mjumbe wa bodi ya kampuni yenye kiwanda cha kuchambua pamba, Kanda ya Ziwa. Katika kabrasha la kikao suala la usalama lilipewa mstari mmoja tu: "Ajali robo hii: hakuna." Nilipoomba maelezo, mwenyekiti alijibu kwamba hayo ni ya menejimenti, akatupeleka kwenye mauzo. Je, ni kweli kwamba hatuhusiki?

Wakili_Mza: Mnahusika, tena sana. Mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Pike River, New Zealand, uliua watu 29 mwezi Novemba 2010. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba bodi haikuhakikisha usalama unasimamiwa ipasavyo. Taarifa ilizoletewa zilihesabu majeraha na muda wa kazi uliopotea, lakini zilisema machache kuhusu mifumo ya kuzuia maafa makubwa. Sheria iliyotungwa huko mwaka 2015 ikambebesha kila mkurugenzi wajibu wake binafsi. Sheria yetu Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambana mwajiri, na mwajiri akiwa kampuni, sioni bodi itajificha wapi.

AfisaUsalama: Mimi hilo neno "hakuna" ndilo linalonitia shaka. Kwenye vinu vya pamba, mwendesha mashine akiona pamba imekwama na tani za siku hazijatimia, hufungua kinga na kuichomoa kwa mkono huku misumeno ikizunguka. Akichubuka hufunga kitambaa na kunyamaza, hasa pale ambapo posho ya idara hukatwa ajali ikiandikwa. Ulizia matukio ya nusura ajali, siku pampu ya zimamoto ilipojaribiwa mara ya mwisho, na maagizo ya mkaguzi wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi) ambayo bado hayajatekelezwa.

Mzee_wa_Bodi: Naafiki, ila mjumbe asiende kiwandani kumwamuru msimamizi wa zamu, hapo mwenyekiti wako ana hoja. Lakini bajeti ya pampu hiyo nani huipitisha au kuikata? Mwombe katibu, kwa maandishi, aweke usalama kabla ya mauzo kwenye ajenda, na meneja wa kiwanda aitwe kujibu mwenyewe.