Mrejesho: choki ya msumeno wa mnyororo iliyokwama

Wadau, asanteni sana. Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini msumeno wangu unawaka sekunde chache, unatoa moshi mweusi, kisha unazima na plagi inabaki imelowa petroli.

Aliyesema nitoe kichujio cha hewa nikitazame kile kibati cha choki (kinachobana hewa wakati wa kuwasha injini ikiwa baridi) alilenga penyewe. Kilikuwa kimefunga hata nikirudisha leva, kwa sababu waya unaounganisha kibati na leva ulikuwa umechomoka. Tundu lake kwenye leva ya plastiki limelika. Nilijaribu kuufunga kama mlivyoshauri, ikadumu siku moja tu. Basi nikaenda Kirinyaga Road, Nairobi, kwenye maduka ya vipuri, na leva ya zamani mkononi (msiende kukisia, bebeni kipuri chenu), nikapata inayolingana. Pia nilisugua utando wa petroli iliyolala kwenye kabureta (inayochanganya hewa na petroli).

Sasa asubuhi unawaka vizuri. Ukishapata moto bado unasumbua, lazima niuvute mara nne au tano, choki ikiwa wazi. Kugeuza skrubu za kabureta hakukusaidia, nimezirudisha zilipokuwa.

Na wewe uliyenisihi nikague breki ya mnyororo kabla ya kukata chochote, Mungu akubariki. Ilikuwa imelegea.