Mrejesho: jiko ya gazi iliyokuwa inatoa moto ya njano (Goma)

Jamani ndugu zangu asanteni sana. Kwa wale hawakuona, niliuliza juu ya jiko yetu kubwa ya gazi, ile ya bruleri ine (pale moto inatokea) na furu (oveni) chini, moto ilikuwa njano na sufuria zote zinatoka nyeusi masizi tupu. Mama mmoja alinijibu nitoe vile vifuniko vya bruleri nivitazame kwenye mwangaza, na kweli, vitundu vimeziba, povu ya maharagi imekaukia mule pamoja na ile vumbi nyeusi ya hapa kwetu Goma inayoingia kila mahali. Nikaloweka maji ya moto na sabuni, nikatoboa na sindano (si kijiti, kinavunjikia ndani), nikakausha vizuri ndiyo nikarudisha. Sasa moto ni ya bluu na maji inachemka mbio.

Tena yule kaka wa Bukavu alisema nipake povu ya sabuni kwenye tiyo (mpira wa kupitisha gazi) na detanderi (kile kifaa kwenye chupa ya gazi kinachopunguza nguvu yake), nisipime kuvuja na kiberiti hata siku moja, nikapaka, mapovu yakavimba pale tiyo inaingia kwenye detanderi! Nikafunga chupa palepale, nikafungua milango, kwa sababu gazi ni nzito inalala chini. Tiyo ilikuwa imepasuka pasuka, tumeweka mpya na kolye zake (vile vyuma vya kuikaza).

Usiku tunafunga kwenye chupa, si kwenye jiko tu. Na wenye moto ya njano msingoje, ile hewa mbaya inayotoka kwa moto kama huo haina harufu, inaua watu wamelala.