Tupeane uzoefu: Mikutano ya kuacha pombe hapa Dar, uliingiaje na nini kilikurudisha?

Wakuu, habari za jioni. Watu wananifuata pembeni kuuliza ile mikutano ya walioacha pombe inafanyika wapi. Nikiwaelekeza, wengi hawafiki. Naamini kinachowakwamisha si nauli, ni kutojua watakutana na nini mlangoni. Basi tuliokwisha kukaa kwenye vile viti tusimulie.

Naanza mimi. Chumba cha nyuma ya kanisa, viti vya plastiki vimepangwa duara, chupa ya chai mezani. Kulia kwangu kijana wa bodaboda amepakata helmeti, kushoto mzee wa suti. Mtu anataja jina lake la kwanza tu, anasema yeye ni mlevi, wenzake wanamkaribisha, anaongea na hakuna anayemkatiza. Zamu yangu ilipofika koo lilikauka, nikasema leo nasikiliza tu. Wakasema asante, wakaendelea na aliyefuata. Hakuna aliyenikodolea macho. Kwa kweli hicho ndicho kilichonirudisha wiki iliyofuata.

Kwa wasioijua, mikutano hii ni ya AA, yaani Alcoholics Anonymous. Ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi, walipoona kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake hata pale alipokwisha kuwachoka mke na mchungaji. Hakuna ada. Kikapu kinapita, mwenye nacho anaweka. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa.

Mkazi wa Tabata:
Mimi niliogopa kuonekana. Nikachagua mkutano wa mbali makusudi, daladala mbili mpaka upande wa Msasani. Naingia, namkuta jirani yangu wa mtaa wa pili! Naye kumbe alikimbilia huko kwa sababu ileile. Tunakutana dukani kila siku na hajawahi kuligusia mbele ya mtu. Siku hizi tunakwenda pamoja.

Dada wa Mbagala:
Mwanamke akilewa anasemwa mara mbili, ndiyo maana nilikuwa nakunywa chumbani, konyagi ndani ya chupa ya maji. Nilipiga simu kwanza nikauliza kama kuna wanawake. Aliyepokea akanipa mwanamke mwenzangu niongee naye, akaniambia, "Ukishuka kituoni nibipu, nakufuata." Akanifuata kweli, akakaa pembeni yangu mpaka mwisho. Dada zangu, mkipiga simu ulizeni hilo kabla ya yote.

Baba wa watoto wawili:
Viroba vilipopigwa marufuku 2017 nikahamia gongo. Familia ikanipeleka soba hausi, pombe ikatoka mwilini, nikanenepa. Nilipotoka mtaa ulikuwa uleule na kijiwe kilekile. Mkutano ndio ulionipa watu wa kuwapigia saa mbili usiku, kiu inapoamka.

Ustaadhi wa Temeke:
Swali langu lilikuwa dini, maana ukumbi ni wa kanisa. Nikakuta hatua zao 12 za kuacha pombe zinamtaja Mungu kama kila mtu anavyomwelewa. Naswali Magharibi kwanza, naingia. Wakifunga kwa sala yao ya utulivu, mimi naleta dua yangu kimoyomoyo. Hakuna aliyenigusa imani yangu.

Muuguzi:
Jamani, hili nalisema kwa herufi kubwa: KAMA UNAKUNYWA KILA SIKU NA ASUBUHI LAZIMA UZIMUE, USIKATE GHAFLA UKIWA NYUMBANI. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, ndani ya siku mbili za kwanza unaweza kupata degedege. Wengine kuanzia siku ya pili mpaka ya nne wanaona visivyokuwepo, na hali hiyo inaua. Nenda hospitali kwanza. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na Amana, Temeke na Mwananyamala utamwona daktari. Mwambie ukweli unakunywa kiasi gani, kwa sababu dawa ya kutuliza na vitamini B1 vinapangwa kwa hali yako. Na zile kliniki za methadoni ni za heroini, si za pombe. Mikutano inafuata mwili ukishatulia.

Mama wa Kimara:
Mume wangu bado anakunywa, lakini nami nina la kusema. Ndugu wa walevi wana mikutano yao, Al-Anon, iliyoanzishwa 1951. Mimi nahudhuria kwa simu, watoto wakilala. Nimeacha kumwaga chupa zake, na nimeacha kumpigia bosi wake kusema ana malaria. Jumatatu aliyolala mpaka mchana, alijieleza mwenyewe kazini. Nililia siku nzima, ila sikupiga.

Mgeni:
Naomba kuuliza. Ukienda umeshakunywa, wanakufukuza?

Mwanzisha mada:
Hapana, ndugu yangu. Ukitulia unakaa, wanakuomba usikilize tu siku hiyo, uongee ukiwa mkavu. Usiendeshe gari. Muuguzi hapo juu amesema, kwa hiyo kama asubuhi unatetemeka tuanzie hospitali, nitakusindikiza. Kama hutetemeki, nitumie ujumbe pembeni, Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni tukutane Mwenge, tuingie wote.