Jaji akimtambua mwandishi, afanyeje?

Swali: Wadau, nimeombwa kuwa jaji wa mashairi kwenye jarida la fasihi na sanaa la chuo chetu cha jamii. Majina yamefichwa, ila shairi moja nimelitambua tangu ubeti wa kwanza: ni la mwanafunzi wangu, yule asiyeweka nukta popote. Nimpe alama au nijitoe?

Jibu: Jitoe kwa shairi hilo tu. Mwambie mhariri kabla hujatoa alama yoyote.

Jibu: Mhariri akague na mafaili! Kwetu majina yalifutwa kwenye kurasa, yakabaki kwenye jina la faili. Michoro ndiyo usiseme, sahihi pembeni kubwa kuliko mchoro.

Muuliza: Asanteni. Namwandikia leo, nimwulize pia nani atalisoma, maana majaji tuko wawili tu.