Mjadala: jukwaa la kusomea Torati likae katikati ya sinagogi au mbele?

Naomba tuujadili huu mzozo, Wayahudi wenyewe wamevutana nao tangu karne ya 19 na haujaisha mpaka leo. Ndani ya sinagogi kuna jukwaa limeinuliwa kidogo, wanaliita bimah, ndo gombo la Torati linapofunguliwa na kusomwa. Sinagogi nyingi za Ulaya ya kati na mashariki zililiweka katikati watu wamelizunguka, halafu wanamageuzi wa Ujerumani wakalisogeza mbele jirani na kabati la magombo, viti vyote vikaelekea huko kama kanisani. Mwaka 1865 marabi wa Hungaria wakakutana mji wa Michalovce wakapiga marufuku kusali kwenye sinagogi ambayo bimah haiko katikati.

Mi nasema lirudi kwa watu, na sio kwa ajili ya mila tu. Lile gombo halina irabu wala alama za lahani (za kuonyesha jinsi ya kuimba maneno), ni konsonanti tupu, kwahiyo msomaji anakuja kashakariri matamshi yote, anafuata mstari kwa kijiti cha fedha chenye kimkono kidogo kinachonyoosha kidole, na akikosea neno likabadilisha maana waliosimama pembeni yake wanamkatiza, hata mzee wa benchi la nyuma mwenye kitabu chake anapaza sauti arudie. Sasa utamsahihisha vipi mtu aliye mbali kule juu kwenye steji? Na msiniambie maikrofoni, Wayahudi wa Orthodoksi, wale wanaoshika sheria za kale, siku ya Sabato hawatumii.

Hata Maimonides, rabi na mwandishi wa sheria za Kiyahudi wa karne ya 12, alivyoagiza jukwaa likae katikati sababu aliyotoa ni hiyo hiyo, wote wasikie. Talmud, mkusanyiko wa zamani wa mafundisho ya marabi, inasimulia sinagogi ya Alexandria ilikuwa kubwa mpaka ikabidi mtu asimame kwenye jukwaa la mbao katikati apunge kitambaa, ndo watu wajue saa ya kuitikia Amina.

Najua mtanitolea Yosef Karo, rabi na mtaalamu wa sheria wa karne ya 16, aliyesema sinagogi za siku zake ni ndogo, kila mtu anasikia hata jukwaa likiwa upande mmoja. Hoja nzito hiyo na nusu yake naikubali. Sinagogi ya Wayahudi wa Kireno kule Amsterdam, ya mwaka 1675, jukwaa liko ule upande wa mbali na kabati, ila mabenchi yametazamana so msomaji bado yuko ndani ya watu. Ndo maana ile marufuku ya 1865 naona ilipitiliza, huwezi kumzuia mtu kusali kisa jukwaa limekaa wapi.

Kinachoniuma ni steji, watu wanakaa kama watazamaji. Marekani kuna sinagogi zilizokuwa na steji ya ngazi kibao ambazo siku hizi zinashusha meza ya kusomea chini kwenye viti, na mtu wa kiti cha magurudumu akiitwa kusoma baraka anafika mwenyewe bila kubebwa. Wanaotetea steji ya mbele naomba mnijibu hapo, meza ikishuka mnapoteza nini hasa?