Naombeni ushauri: mume wangu ananigeuzia maneno kila siku, nimeacha hadi kuimba

Binti wa Newala:
Habari zenu wakuu. Niko Mtwara mjini ila kwetu Newala, Mmakonde, nimeolewa na mtu wa Tanga mwaka wa nane sasa, mtoto wetu yuko darasa la kwanza.

Wengine mtaona jambo dogo ila linaniuma. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harusi Chikongola, kina mama tunaimba kwa nguvu pale pa kumsifu bwana harusi katoa mahari, mi nikaimba "katoa mahali", ndivyo nilivyousikia huo wimbo toka mdogo na ndivyo mdomo wangu unavyotoa. Mume wangu akasikia. Toka siku hiyo hakuna mgeni anayekaa mkekani kwetu asisimuliwe, eti "huyu mimi nilimtolea mahali, nikatoa Tanga nzima", watu wanacheka mpaka machozi. Nikisema jirani ana kalamu jumamosi ananiletea peni ya mtoto. Na huwa anasubiri watu wawepo, tukiwa wawili hafanyi.

Juzi mtoto kanisahihisha mbele ya majirani, "mama sio mahali, ni mahari", kwa sauti ileile ya baba yake. Niliingia ndani nikakaa. Zamani nilikuwa sibangui korosho bila wimbo, sasa nabangua kimya. Na yeye nyimbo za Kikongo anaimba Kilingala cha kubuni mwanzo mwisho, sijawahi kumcheka hata siku moja. Nimwambieje bila kuleta ugomvi?

Mzee wa Kitangari:
Pole mwanangu. Utani naujua, nimekulia kwenye utani, mtani anakutania na wewe unamrudishia na mkimaliza hakuna aliyebaki na donge. Huyo anapiga upande mmoja tu, huo sio utani.

Chaki Nyeupe:
Dada mimi nafundisha Kiswahili, naomba nikupe cha kumwambia. Chimakonde chenu kwenye maneno yake ya asili hakina r, sikio la mtoto linajifunza sauti za nyumbani kwanza kwahiyo r na l linazisikia kitu kimoja. Halafu mahari, mahali, kalamu, karamu, yote manne asili yake Kiarabu, hata huko Tanga yalikuja na wageni. Na kwenye wimbo ndo inazidi, maana Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, muziki ukiusogeza huo mkazo neno linapoteza sura, unabaki unakisia kwa unachokijua. Wazungu nao hivyohivyo, mwaka 1954 mwandishi mmoja wa Marekani, Sylvia Wright, aliandika kwamba alipokuwa mdogo mama yake alikuwa anamsomea shairi la Kiskoti, panaposema walimuua bwana mkubwa wakamlaza kwenye majani, kwa Kiingereza "laid him on the green", yeye akasikia wamemuua bwana pamoja na bibi mmoja anaitwa Lady Mondegreen. Mpaka leo Waingereza kusikia wimbo vibaya wanakuita mondegreen.

Mama wa Mikindani:
Mwalimu umesema vizuri ila mume hashindwi kwa isimu jamani. Shoga, msubiri ale ashibe, mkiwa wawili, mwambie neno moja tu, "baba fulani, ukinicheka mbele za watu naumia". Usianze na Kilingala chake, ukianza nacho mtabishana nyimbo mpaka asubuhi.

Kijana wa Ligula:
Mi naona na wewe mrudishie tu, siku wageni wamejaa mwambie aimbe hicho Kilingala.

Mama wa Mikindani:
Wewe kijana hujaoa.

Binti wa Newala:
Narudi na mrejesho. Nilimwambia jana usiku kama mama alivyoshauri. Akanyamaza kidogo, akasema alidhani nafurahi maana kila akitania na mimi nacheka. Kweli nilikuwa nacheka, ningefanyaje na watu wamekaa wananiangalia. Ameomba radhi na leo kaja mgeni hajaligusa kabisa. Asubuhi nimeimba kidogo jikoni. Ila mtoto bado ananisahihisha, na yeye hatanii, anaamini kabisa mama yake hajui kusema, huyu sasa nianze naye vipi?

Chaki Nyeupe:
Mfundishe nyimbo za bibi yake za Chimakonde. Akikosea msahihishe polepole, mkiwa wawili.