Mausi inaruka kwenye kaunta ya kioo, ya mpira haina shida. Kwa nini?

Steshenari_Sinza
Habari zenu wakuu. Kaunta ya hapa ni ya kioo kitupu. Mausi za taa nyekundu zinasumbua: mshale unaganda, halafu unakimbilia pembeni. Ukiweka karatasi ya A4 juu ya kioo, zinatulia. Ila mausi ya zamani ya mpira, yenye kampira kanakozunguka chini yake, inafanya kazi palepale bila karatasi. Inakuwaje ya kizamani iishinde ya kisasa? Na kuna mbili zimeanza kubofya mara mbili zenyewe, unagusa faili mara moja tu linafunguka. Ni za kutupa?

Fundi_Gerezani
Mkuu, mausi ya taa kazi yake ni kupiga picha meza. Sensa (kihisi cha ndani) kama ADNS-2610, iliyokuwa imejaa kwenye mausi za bei rahisi, hupiga picha kama 1,500 kwa sekunde, kila moja pikseli 18 kwa 18, kisha hulinganisha picha na iliyotangulia ione vikwaruzo vya meza vimesogea kiasi gani. Karatasi ina nyuzinyuzi. Kioo safi hakina chochote, mwanga unapita tu.

Usijaribu kubandika karatasi chini ya kioo. Lenzi imepimwa kwa uso ulio kama milimita 2.4 tu chini yake, kwa hiyo unene wa kioo unatosha kuharibu picha. Weka padi ya kitambaa juu, isiyong'aa. Ya leza nayo haitakuokoa kwenye kioo kitupu. Logitech walitoa mausi zenye sensa ya Darkfield mwaka 2009 kwa ajili ya kioo, nacho kiwe na unene wa milimita 4 au zaidi. Bei yake utanunua padi za mtaa mzima.

mama_kibodi
Tusiisifie sana ya mpira, kaka. Ile haitazami meza, inahitaji msuguano tu. Ya kwanza kabisa, ya wahandisi Engelbart na Bill English kule SRI, taasisi ya utafiti ya California, mwaka 1964, haikuwa hata na mpira: kisanduku cha mbao, kitufe kimoja, na magurudumu mawili yaliyowekwa kwa pembe mraba. Ukiisogeza upande, gurudumu moja linazunguka na jingine linaburuzwa. Mpira ulikuja baadaye, Telefunken wa Ujerumani mwaka 1968, kisha Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, mwaka 1972.

Mpira wenyewe ni chuma kilichovikwa raba. Unazungusha vijiti viwili, kila kijiti kina kisahani chenye matundu kinachokatiza mwanga. Ugonjwa wake ni uchafu: vumbi na mafuta ya mkono vinajiviringisha kwenye vijiti kama pete, mshale unaanza kurukaruka. Zungusha kifuniko cha chini, toa mpira, uoshe kwa sabuni na uukaushe. Pete ikwangue kwa kijiti cha meno. Kisu kitachubua kijiti, na hapo ndipo uchafu utakapong'ang'ania vizuri zaidi.

Za taa nazo zilianza vibaya. Zile za mwanzo wa miaka ya 1980 zilidai padi maalumu yenye mistari. IntelliMouse Explorer ya Microsoft ya 1999 ndiyo iliyozoesha watu kuweka mausi popote, isipokuwa hapo kwako.

Fundi_Gerezani
Kwenye kubofya mara mbili: ndani ya swichi iliyo chini ya kitufe kuna bati jembamba linaloruka na kugusa nukta ya chuma. Bati likichoka au nukta ikipata kutu, linadundadunda kabla ya kutulia. Programu ya mausi husamehe midundo ya milisekunde chache, ikizidi inahesabu kubofya kwa pili. Unyevu wa Dar hausaidii.

Skurubu nyingi zimejificha chini ya vibandiko vya kutelezea, vipashe joto kwanza visichanike. Yeyusha risasi ya kulehemu iliyoshika miguu mitatu ya swichi, weka swichi ya vipimo vilevile, milimita 12.8 kwa 5.8 kwa 6.5. Kitufe kidogo cha juu hakiko katikati, kwa hiyo ukiigeuza swichi haitabonyezeka. Kama huna mpya na swichi ya kulia inafanana, zibadilishane: kulia hubofywa mara chache.

Steshenari_Sinza
Shukrani. Spirei ya kusafishia je?

Fundi_Gerezani
Swichi imefungwa, dawa haifiki vizuri kwenye nukta. Inatulia siku chache, inarudi. Badilisha tu.